Hajambo ya Karatasi ya Kwanza

Wodi ya Watoto
11 Januari

Dada mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mgongo uliokuwa ukiulalamikia umetulia. Sisi huku hatujambo. Mwanao hajambo. Anakula, anacheka, na jana alimrushia kiatu daktari wa meno aliyepotea njia akaingia wodini kwetu. Wauguzi wamekwisha kumpachika jina. Wanamwita Meneja, kwa sababu kila asubuhi anauliza nani yuko zamu na kwa nini amechelewa. Baba anakusalimu sana. Anaendelea kutengeneza redio za watu, na redio yetu wenyewe bado haisemi. Mimi pia sijambo. Matokeo ya mtihani hayajatoka, kwa hiyo wanaoniuliza "siku hizi unafanya nini?" nawajibu "nasubiri," nao wananitazama kama kwamba kusubiri ni ugonjwa.

Najua simu ya bwenini kwenu, hapo kiwandani, anaishika msimamizi, na husikiliza. Na mimi kwenye simu unanijua: "eeh, eeh, haya," kisha inakatika na yote niliyotaka kusema yamebaki kooni. Ndiyo maana naandika. Nimegawa barua hivi: karatasi hii ya kwanza ni ya salamu, isome hata ukiwa umesimama. Ya pili isome umekaa.

(Karatasi ya pili)

Umekaa?

Dada, ile homa haikuwa homa tu. Unalikumbuka sikio lake la kulia lililokuwa likitoa usaha, tukalitia pamba na matone ya dukani mpaka likakauka, tukashukuru? Daktari anasema halikukauka. Ugonjwa ulihamia ndani. Alianza kutapika asubuhi kabla hajala kitu, akawa anashika kichwa na kusema, "Kuna mtu anagonga." Jumapili mkono wake wa kushoto ukaanza kurukaruka wenyewe, kama samaki aliyetolewa majini, halafu mwili wote ukalegea. Bibi yake, mama mkwe wako, akasema ni degedege la kawaida, litapita. Shemeji hakungoja lipite. Alimbeba akakimbia naye, miwani yake ya kuchomelea bado iko kwenye paji la uso.

Wamempiga picha ya kichwa. Ana jipu ndani ya ubongo.

Nilipolisikia neno hilo niliangalia sakafu, maana jipu nililolijua mimi ni la paja na kwapa, ambalo mtu hukaa upande akalingoja liive. Daktari wa watoto ni mwanamke mfupi anayevaa raba. Alichuchumaa ili nimwone uso. Akasema: "Ni dogo, kama zabibu. Likiwa dogo hivi hatulipasui, tunalipiga kwa dawa. Lakini ubongo una mlango, na mlangoni kuna bawabu mkali, dawa nyingi anazirudisha. Ndiyo maana tunapeleka dozi kubwa, kwa njia ya mshipa, wiki sita. Na nikuambie mapema, dada mdogo: huyu ataonekana mzima muda mrefu kabla hajapona. Homa itashuka, atakimbia, atakusumbua. Jipu bado litakuwepo. Asikudanganye."

Nilimwuliza tukiacha katikati itakuwaje. Akasema linarudi, na likirudi haliji dogo.

Kwa hiyo tupo. Kitanda chetu kiko karibu na sinki. Mimi nalala kwenye kiti. Usilie ukiwa kwenye mashine ya kushonea, utajidunga.

Mdogo wako,
Konokono


Bwenini
22 Januari

Konokono wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Mimi sijambo. Mgongo nao upo, tumezoeana kama mke na mume waliochokana: tunaishi pamoja, hatusemezani. Kiwandani bado nashona mikono. Meza ya mbele wanashona kola, meza ya nyuma wanatia vifungo, mimi mikono tu, na siku hizi ni wa kushoto kutwa nzima kwa sababu wa kulia kapewa msichana mpya. Tangu nije sijaliona shati zima. Siku moja nitamsimamisha mwanamume njiani nimwambie, "Samahani kaka, huo mkono wako wa kushoto ni wangu," nipelekwe polisi.

Ile ya kiatu na daktari wa meno nimecheka mpaka wa kitanda cha juu akaniinamia kuuliza kuna nini. Karatasi ya kwanza nimeisoma sijui mara ngapi. Ya pili nimeisoma mara moja nikaikunja. Usinifikirie vibaya.

Mama mkwe wangu anapiga simu karibu kila Jumamosi. Msimamizi ananiita, anajifanya kupanga faili, na mimi nasimama pale na simu sikioni: mama gani huyu anashona mashati ya watu na mwanawe kalazwa, kamtuma mtoto mwenzake kumwuguza (mtoto mwenzake ni wewe, limeze tu), arudi, la sivyo mwanangu atatafuta mwanamke wa kukaa nyumbani. Anaongea kama gari lisilo na breki, wewe kazi yako kukaa pembeni ya barabara. Nikiomba ruhusa hapa, kabla sijafika getini mashine yangu ishapata mtu. Na mageti anayochomelea shemeji yako peke yake hayawezi kutulisha, unajua. Lakini usihangaike na hayo. Nimemtuliza. Nimepata njia.

Pamoja na barua hii natuma shati la Meneja wangu. Mkono wa kulia unafunguka kwa vifungo toka begani mpaka kiwikoni, ili mpira wa dripu upite bila kumvua. Nilishona saa ya chakula, msimamizi akidhani ni sampuli. Ni shati langu la kwanza zima.

Mbusu pale penye mzunguko wa nywele, nyuma ya kichwa. Lile jipu, mwambie daktari asichoke.

Dada yako


Wodi ya Watoto
30 Januari

Dada mpenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mwanao hajambo. Shati limefika na limemkaa sawasawa. Sista wa zamu amelifungua na kulifunga vifungo vyote, kisha akauliza fundi wake anapatikana wapi, nikasema mbali. Meneja halivui. Jana alikagua wodi nzima akiwa nalo, anasukuma kile chuma cha dripu kama mkokoteni, anawauliza watoto wa watu, "Umekula? Mbona hujamaliza?" Baba alikuja Jumapili na betri mfukoni akidhani ni peremende.

(Karatasi ya pili)

Wamempiga picha nyingine. Jipu limepungua, ila bado lipo. Daktari alinionyesha: doa jeusi lenye pete nyeupe kuzunguka. Anasema pete ile ni ukuta ambao mwili wenyewe umejenga, dawa zinaupenya kidogo kidogo. Dawa ni mbili. Moja ni unga mweupe unaoyeyushwa, nyingine inakuja na chupa yake, na hiyo ya pili inamharibia ladha. Akinywa maji anasema, "Yana kijiko." Nikadhani nimeacha kijiko ndani ya kikombe, nikatazama. Sista akacheka, akasema wote wanaopewa dawa hiyo huonja chuma.

Mshipa wa mkono ulivimba, wakahamisha kanula, ule mrija wa sindano, mara mbili. Mara ya pili alinilaumu mimi. Alisema, "Wewe unawashikia."

Mama mkwe wako alikuja. Alimkuta Meneja amepanda ukingo wa kitanda. Akasimama mlangoni, mkono kiunoni: "Haya, huyu ndiye mgonjwa wa kichwa? Mgonjwa gani anapanda kitanda kama ngazi?" Nilimwambia daktari amesema wiki sita. Sidhani alinisikia, sauti yangu ilienda chini. Akasema, "Hawa wakishakupata hawakuachii," akamtazama mtoto kwa muda, halafu akaondoka bila kuaga wenzetu wa kitanda cha jirani.

Uliniandikia kwamba umemtuliza. Hukusema umemtulizaje.

Konokono


Nyumbani
6 Februari

Dada,

Shikamoo. Mimi sijambo. Baba hajambo. Mwanao

Nimeiacha hiyo sentensi hapo kwa sababu sijui niimalizeje. Safari hii sikugawa karatasi.

Jana walimtoa. Nilikuwa nimekwenda kufua nyuma ya wodi. Niliporudi na beseni nikawakuta kwenye meza ya wauguzi: mama mkwe wako, shemeji, daktari na sista. Meneja amekaa juu ya meza anabembeza miguu.

Daktari alikuwa anasema, "Mama, bado wiki mbili. Ndizo zinazozuia lisirudi."

"Mwanangu, mimi nimelea saba. Mgonjwa namjua akiwa hata na blanketi kichwani."

"Sikatai umelea. Hili liko ndani, halionekani kwa macho."

"Haya, tuyaache macho yangu. Huyu anayelala naye hapa usiku na mchana, yeye anasemaje?" Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi, akaivalia miwani. "Sikilizeni. 'Mwanao hajambo. Anakula, anacheka, na jana alimrushia kiatu daktari wa meno.'"

Sista alicheka kidogo kwa sababu alikuwepo siku ya kiatu. Halafu akaona uso wangu, akaacha.

"Binti," mama mkwe wako akaniambia, "huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Hukuandika hajambo?"

"Niliandika."

"Basi. Kamwandikia mama mzazi wa mtoto. Angemdanganya mama yake?"

Dada, kila mtu huandika hajambo. Hata mtu aliyefiwa husema nzuri kwanza, ndipo aseme ila. Ila yangu ilikuwa kwenye karatasi ya pili. Nilitaka kusema hivyo. Nilitaka kusema, iko nyingine, mwambieni aitoe. Nikafungua mdomo, beseni liko mikononi, maji yananidondokea miguuni, na kilichotoka ni "eeh."

Shemeji alisaini. Hakunitazama. Daktari akamwandikia mtoto vidonge, akamwambia shemeji polepole kama mtu anayempa mwingine anwani: vidonge hivi havilingani na ile ya mshipa, akitapika, akilala mchana bila sababu, mkono ukilegea, usingoje kesho. Wakachomoa kanula. Meneja akajitazama mkono, akawatangazia wodi yote: "Nimefunga ofisi."

Barua ile niliituma kwako tu. Naomba unijibu maswali mawili. Ni wewe uliyempa? Na ya pili iko wapi?

Mdogo wako


Bwenini
17 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini hujambo, na Baba hajambo na redio zake. Mimi nimepona mafua. Huku kumekuwa na joto, feni mbili zimekufa, tunashona tumevaa vitambaa vyenye maji shingoni. Yule msichana wa mikono ya kulia ameondoka, sasa nashona yote miwili. Wameleta nyuzi mbovu zinazokatika kila baada ya shati la pili, halafu tunaokatwa mshahara ni sisi. Kuna paka amezaa chini ya ngazi ya bwenini.

Nimesikia matokeo yametoka. Hujaniambia umepata nini. Nenda shule ukaulize, usikae unawaza mambo ya watu wazima. Mtoto ana baba, na baba yake ndiye aliyesaini. Wamepewa dawa, si wamepewa? Vidonge navyo ni dawa. Na wewe mwenyewe uliandika kwamba anapanda kitanda, anakagua wodi. Sikuyatunga mimi.

Hayo maswali mengine tutazungumza tukionana. Kwenye barua maneno huwa makali kuliko yalivyo.

Umekwenda kumwona? Kichwa chake kikoje? Bado analivaa shati?

Dada yako


Wodi ya Watoto
24 Februari

Mwanao ni mgonjwa. Salamu zitakuja baadaye, nafasi ikibaki.

Nilikwenda kumwona, hata kabla barua yako haijafika. Nilipiga hodi kwa mama mkwe wako. "Karibu. Hujambo?" Sijambo, shikamoo. "Marahaba. Za kwenu?" Nzuri. "Baba?" Hajambo. Na mtoto? "Hajambo, kalala."

Ilikuwa saa nne asubuhi, Dada. Meneja hajawahi kulala saa nne asubuhi.

Nilikaa. Nikapewa chai. Nilikunywa nusu kikombe nikisikiliza jinsi mtoto anavyokuwa hajambo. Kisha akatoka chumbani mwenyewe. Alikuwa anatembea bega lake likisugua ukuta, kama mtu anayepapasa swichi gizani. Shati lako limefungwa vifungo kombo. Nilimpa mkate, akapokea kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulining'inia tu. Hakuniita, hakuniuliza nimechelewa wapi. Akauma mkate mara moja, akatapika, akakaa palepale juu yake.

Nikasema, "Mtoto huyu si mzima."

Mama mkwe wako alikuwa ameinama na kitambaa. "Ni vidonge vinamchafua tumbo."

"Si tumbo. Ni jipu limerudi. Mwiteni baba yake."

Akanitazama. "Wewe toka lini umeanza kusema?"

"Leo."

Shemeji alikuja mbio kutoka karakana ya nyuma, glavu mkononi. Nilimwambia mshike mkono wa kushoto, mwambie akubane vidole. Alimwambia. Akangoja. Akamwambia tena, "Baba, nibane." Kisha akamnyanyua.

Ni njiani ndipo alipoanza kusema, bila mimi kumwuliza. Nadhani alitaka kusikia mwenyewe kama maneno yake yana maana. "Sikumtoa kwa kichwa changu. Nilimpigia dada yako. Nikamwambia, Mama ananiletea karatasi, anasema mtoto kapona, wewe ndiye uliyeandikiwa, unasemaje, tumtoe? Nikamsikia anapumua. Akasema, mtakavyoona."

Mtakavyoona.

Ulikuwa na karatasi ya pili. Uliisoma mara moja ukaikunja. Ungesoma mstari mmoja tu kwenye simu, ule wa jipu bado litakuwepo. Mimi nilishindwa kusema mbele ya watu wanne, na kila siku najiona nimesimama na lile beseni. Lakini mimi hakuna aliyeniuliza. Wewe uliulizwa.

Degedege lilimpata tukiwa mapokezi. Daktari wa raba ndiye aliyempokea. Hakutugombeza. Alinipa kiti, na hicho kiti kiliniuma kuliko matusi. Picha inaonyesha si zabibu tena, ni ndimu. Likifika hapo dawa peke yake haziwezi. Wamemnyoa, wametoboa tundu dogo kwenye fuvu, wakaingiza sindano wakaunyonya usaha. Usaha walioutoa unapelekwa maabara waone ni mdudu gani na ni dawa ipi anaiogopa. Zile wiki nne za mwanzo hazihesabiwi. Tunaanza upya, na safari hii ni wiki nane.

Mzunguko wake wa nywele, pale ulipotaka nimbusu, umenyolewa.

Mama mkwe wako amekuja kila siku. Haongei. Anafua fulana za Meneja kwenye lile sinki letu, anazikamua mpaka zinalia.

Nafasi ya salamu haikubaki.


Bwenini
6 Machi

Konokono,

Marahaba. Najua hukuniamkia. Nimegeuza karatasi nyuma, nimechungulia hata ndani ya bahasha. Naitikia kwa mazoea.

Ni mimi niliyempelekea. Nilitaka asome hajambo, anyamaze, nami nishone kwa amani hata wiki mbili. Nilidhani ataisoma aiweke. Sikujua angetembea nayo mpaka hospitali kama cheti. Ya pili iko chini ya godoro langu. Niliificha kwa sababu angeiona angesema si nilikuambia, mwanao anakufa nawe unashona.

Shemeji yako aliponiuliza, msimamizi alikuwa pale na faili zake. Ningejibu "msimtoe, jipu bado lipo," wangejua kwamba nilijua siku zote na niliwatumia nusu. Nikasema mtakavyoona. Ni neno la adabu, au sivyo? Mke akisema hivyo husifiwa. Wewe ukipata mume usilitumie. Yaliyokuwa moyoni wakati nalisema sitakuandikia. Usiniulize.

Unasema mkono wake wa kushoto unaning'inia. Mimi nashona huo kutwa. Jana nilishona miwili nikaifunga mdomo, haina pa kutolea kiganja, msimamizi akanirushia usoni.

Siwezi kulala. Naomba kitu kimoja tu, najua sistahili. Niandikie hajambo. Hilo neno moja, hata kama huna lingine. Uweke kwenye bahasha peke yake.

Dada yako


Wodi ya Watoto
7 Aprili

Dada,

Umeniomba neno moja. Nimechelewa kujibu kwa sababu mara nyingi nimekaa nikaliandika, halafu nikaichana karatasi. Mkono wangu umelizoea, linatoka lenyewe kabla sijafikiri. Ndilo lililotufikisha hapa. Sitakupa.

Nitakuandikia ninachokiona, tafsiri ni yako.

Maabara walimpata mdudu. Unga mweupe anauogopa, kwa hiyo waliendelea nao, wakaongeza na dawa nyingine. Homa ilikataa kushuka kwa muda, mimi na mama mkwe wako tukawa tunapokezana kitambaa cha maji bila kutazamana. Halafu ikashuka. Hakuna aliyeshangilia. Mama mwenye mtoto kitanda cha jirani alisema, "Hongereni, kapoa!" na mama mkwe wako akamjibu, "Kapoa ndiyo, lakini hajapona. Kupoa hupoa hata chai." Daktari alikuwa anapita. Alisimama, akatabasamu, akaendelea na safari yake.

Picha ya juzi inaonyesha doa dogo sana. Daktari anasema huenda ni kovu tu, hata hivyo atamaliza wiki zake zote. Mkono wa kushoto umeanza kubana, ila vidole viwili vya mwisho havijatii. Kuna mtaalamu wa mazoezi anayempa udongo wa kuchezea aufinyange. Meneja amemwambia, "Wewe kazi yako rahisi, mbona unalipwa?" Kwa hiyo mdomo umerudi wote. Nywele zinaota, isipokuwa kwenye ule mstari wa kidonda. Maji bado yana kijiko.

Mimi nimefaulu. Shule nilikwenda mwenyewe, nikasimama mbele ya dirisha la ofisi na kusema jina langu kwa sauti mpaka karani akaniambia nipunguze.

Shemeji ananiuliza kila jioni kama umeandika. Namwambia muulize yeye. Anasema simu ya bwenini anaisikiliza msimamizi. Namwambia, na asikilize.

Mtoto ananiuliza nani alishona shati. Nimemwambia mama yako. Akafungua kifungo kimoja, akakifunga kwa mkono ule ule mbaya, ikamchukua muda mpaka ulimi ukatoka nje. Akasema, "Aje anieleze kwa nini vifungo vingi hivi." Ninakufikishia kama alivyosema.

Anatoka Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Nimeihesabu njia ya barua, itakufikia kwa wakati. Wodi hufunguliwa wageni saa kumi jioni. Njoo, umuulize mwenyewe hali, naye atakujibu kwa mdomo wake anachotaka kukujibu. Siwezi tena kumjibia.

Nami nitakuwepo. Shikamoo yako ninayo, nimekuwekea, sijampa mtu. Lakini hiyo haiendi kwa posta.

Mdogo wako